Macho ya Mpiga Picha

Watoto walikuwa wameshapangwa, wafupi mbele na warefu nyuma, mashati yamechomekwa na nywele zimechanwa, mwalimu mkuu alipomwita mpiga picha pembeni, kwenye varanda ya ofisi yake.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti ya chini, huku akisogeza pua karibu kidogo kuliko inavyoruhusu adabu. "Umeamka salama?"

"Nimeamka salama, mwalimu."

"Hujapitia mahali asubuhi hii?"

Mpiga picha akaelewa anachoulizwa. Mtaa mzima ulimwita Bwana Tabasamu, kwa neno lake lile lile moja alilolisema kila alipoinua kamera, na hakuna aliyewahi kumwona na chupa. Lakini asubuhi ile macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya iliyoiva, kope zimevimba, machozi yanamtiririka mwenyewe hana habari. Hata yeye angemwona mtu wa namna hiyo angemnusa kwanza.

"Situmii, mwalimu. Sijawahi. Ni macho tu yananisumbua."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi." Mwalimu akarudi nyuma hatua nzima. "Macho mekundu yanaambukiza, kaka. Mwaka jana ilibidi tufunge darasa. Wewe unawashika watoto videvu, unawanyoosha shingo. Kesho wazazi watanila mzima mzima."

"Siwashiki leo. Nitasimama mbali."

"Hapana. Nenda ukatibiwe. Ila picha lazima zipigwe kabla ya shule kufungwa, na kama hujapona nitamtafuta mwingine. Usinione mbaya."

Bwana Tabasamu alirudi uwanjani kukunja miguu ya kamera. Jambo lililomuuma hata zaidi ya maneno ya mwalimu ni kwamba watoto hawakuwa wamesikia chochote. Walikuwa bado wamesimama vile vile, wamebana pumzi, meno yote nje, wakingoja aseme neno lake. Alipoanza kuondoka na mfuko begani, tabasamu zile zilizimika moja moja, na kijitoto kimoja cha mbele kikauliza kwa sauti kubwa, "Mbona anaondoka na analia?"

Akapitia njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Studio ilikuwa chumba kirefu kilichotazama barabara, na nyuma yake kijichumba ambacho zamani kilikuwa chumba cha giza cha kusafishia picha. Ukifungua mlango, kilichokupokea kwanza kilikuwa bustani. Pazia la turubai zito lilishuka kutoka darini mpaka sakafuni, na juu yake marehemu baba yake Bwana Tabasamu alikuwa amechora kwa mkono wake mwenyewe ngazi za mawe zinazopanda kuelekea jumba lisiloonekana, chemchemi inayorusha maji, tausi wawili, na maua ambayo hayajawahi kuota mahali popote duniani. Kulia na kushoto yalining'inia mapazia ya mahameli mekundu yaliyoshonwa na mama yake. Chini kulikuwa na zulia nene, na juu ya zulia kiti cha mito kilichowabeba watoto wachanga wa mtaa ule tangu kabla ya wengi wa wazazi wao kuzaliwa.

Kulikuwa na enzi zake. Siku za mapumziko watu walipanga foleni mpaka nje, wamevaa nguo zinazonukia pasi, viatu vinameta, akina mama wakipaka watoto mafuta hadi dakika ya mwisho. Wachumba waliona haya kushikana mikono, na baba yake akawaambia, "Sogeeni, kamera haiumi." Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja na redio yake ili naye, yaani redio, apigwe picha. Kulikuwa na bibi harusi aliyekataa kutoka kwenye zulia kwa sababu, alisema, hajawahi kuwa na bustani. Nusu ya mtaa ilikuwa imewahi kusimama kwenye ngazi zile zisizofika popote, na picha zao zilikuwa ukutani katika nyumba ambazo sasa wenyewe hawamo.

Kisha zikaja simu, na kila mtu akawa studio yake mwenyewe. Zikabaki picha za vitambulisho, za mashule, na harusi moja moja. Mwaka uliopita Bwana Tabasamu na mkewe waliacha nyumba waliyokuwa wamepanga wakahamia studio. Mama yake akalala kwenye kile kijichumba cha giza. Wao wawili waliweka kitanda nyuma ya pazia, kati ya turubai na ukuta. "Sisi ndio wenyeji wa bustani," mkewe alisema siku ya kwanza, akicheka, maana alikuwa mwanamke wa kucheka panapotaka kulia. "Wageni wanaingia kwa mbele, sisi tunatokea kwa tausi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwa bustani, alipomwona mwanawe anarudi mapema.

"Mmeshamaliza?"

"Imeahirishwa, mama."

Mama alimtazama usoni, akatikisa kichwa. "Wewe na machozi yako. Tangu utotoni."

Bwana Tabasamu alipita nyuma ya pazia, akaketi kitandani, akayafikicha macho kwa vifundo vya vidole kwa nguvu zake zote. Aaa! Raha ya kufikicha ilikuwa kubwa, lakini fupi, na ikiisha mwasho ulirudi na wenzake. Akachukua kichupa chini ya mto. Alikinunua kwenye duka la dawa miezi mingi iliyopita, na kimekuwa kikiisha na kununuliwa kingine tangu hapo. Siku hizi muuzaji hakumuuliza hata shida yake. Alimwona mlangoni, mkono ukaenda rafuni wenyewe. Tone moja huku, tone moja kule, na baada ya muda kidogo moto ulizimika na weupe ukarudi. Ilikuwa dawa ya ajabu. Jambo moja tu lilikuwa limeanza kumtia wasiwasi, na hakumwambia mtu: siku za karibuni kila akitazama taa, aliiona imezungukwa na pete yenye rangi, kama upinde wa mvua.

Mkewe alikuwa msusi katika saluni ya mtaa wa pili, na habari za mtaa zilipita mikononi mwake pamoja na nywele. Hivyo aliporudi jioni alikuwa ameshajua yote.

"Nimesikia umefukuzwa shule," alisema, akavua viatu. "Na umri wote huo."

"Hawakunifukuza. Wameahirisha."

"Nimeambiwa mpiga picha alifika amelewa akawatisha watoto. Nikamwambia yule mteja ainue kichwa vizuri, maana mkono wangu ulikuwa unataka kuvuta." Akaketi kando yake. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Nipe hicho kichupa."

"Kichupa gani?"

"Bwana wee, tunalala kitanda kimoja. Nipe."

Akampa. Mkewe alikigeuza geuza kwenye mwanga. "Hiki kinakutuliza au kinakuponya?"

"Kinanituliza."

"Kingekuwa kinaponya kingeshaponya. Kesho hospitali."

"Kesho nina..."

"Huna kitu kesho. Kesho umeahirishwa."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliyemwita "baba" kwa heshima na kumkalisha mbele ya mashine yenye mahali pa kuwekea kidevu. Bwana Tabasamu, aliyezoea kuwaambia watu "inua kidevu, tulia, usipepese," sasa aliambiwa yeye. Mkewe alisimama nyuma yake ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Yanauma au yanawasha, baba?"

"Yanawasha. Yanawasha kama pilipili."

"Yote mawili?"

"Yote. Hakuna lenye nafuu."

"Ukiamka yanakuwa yamegandana kwa usaha? Uchafu wa njano?"

"Hapana. Maji tu. Na wakati mwingine kama utelezi, uzi uzi mweupe."

"Na pua?"

"Napiga chafya asubuhi," alisema, na mkewe akadakia, "Anapiga chafya mpaka majirani wanaitikia."

Daktari akatabasamu. Akamgeuza ukope wa juu taratibu, akatazama, akaandika. "Hapa ndani pana vipele vidogo vidogo. Huu ni mzio, baba. Aleji. Mwili wako umekidhania vibaya kitu ambacho kwa mwingine hakina neno, umekiona adui, na vita vinapigwa machoni mwako. Hauambukizi. Unaweza kuwashika watoto wote wa shule na hakuna atakayeupata."

Bwana Tabasamu aliachia pumzi ndefu. Lakini mkewe alikuwa ameshafungua mkoba. "Amekuwa akitumia hii," alisema, akakiweka kichupa mezani.

Daktari alisoma maandishi, na tabasamu likamtoka. "Tangu lini?"

"Tangu tulipohamia pale. Miezi mingi."

"Kila siku?"

Bwana Tabasamu akatazama sakafu. "Yakiwa mabaya, hata mara kadhaa kwa siku."

"Kuna kitu umekiona kimebadilika? Taa, kwa mfano?"

Hapo ndipo alipoitaja pete ya rangi, na akasikia nyuma yake mkewe akivuta pumzi. Daktari akampima tena, kwa kifaa kingine. Alipomaliza alivuta kiti karibu.

"Nisikilize vizuri, baba. Ndani ya jicho kuna maji, na maji hayo yana presha yake, mbali na presha ya mwili. Dawa hii ni kali. Daktari huitoa kwa muda mfupi, na huku anakuangalia. Ukiitumia miezi yote hiyo, inaweza kupandisha presha ya jicho, na kwako imepanda. Presha ikikaa juu inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa ule ukifa, haufufuki. Haiumi. Unakuja kushtuka siku moja nusu ya dunia haipo."

"Na wangu?" aliuliza.

"Wako bado mzima. Umekuja kwa wakati wake."

Bwana Tabasamu alikuwa anafikiria kamera, jicho lake la kulia likiwa kwenye kitundu chake cha kutazamia tangu ujana. Mkono wa mkewe ulikuwa begani pake.

Daktari akampa dawa ya kushusha presha na matone mengine ya mzio, yasiyo makali, akamwonya kwamba hayatamfurahisha haraka kama yale, itabidi avumilie. Asifikiche macho hata yakimlilia afikiche. Ayakande kwa kitambaa cha maji baridi. Anawe uso akitoka vumbini. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, godoro lipigwe jua. "Sasa niambie unalala wapi," alisema.

Wakatazamana, mtu na mkewe.

"Nyuma ya pazia," alisema Bwana Tabasamu.

"Pazia gani?"

Mkewe akaeleza: turubai, mahameli, zulia, kiti cha mito, miaka yote ile, kamwe havijafuliwa maana rangi ingetoka. Daktari alisikiliza kalamu ikiwa hewani.

"Ndani ya vumbi la vitu kama hivyo wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho," alisema mwishowe. "Hawaumi, lakini uchafu wao ndio huo unaokuwasha. Baba, umetandika kitanda katikati yao. Lile pazia lazima litoke."

"Hakuna dawa ya mimi kubaki nalo?"

"Dawa ipo, nimekupa. Lakini ni kama kuanika nguo huku mvua inanyesha."

Hakulitoa.

Alifanya kila kitu kingine. Godoro lilishinda nje juani mpaka wapita njia wakauliza kama wanauza. Mashuka yalichemshwa. Zulia lilikunjwa likaenda kwa jirani fundi seremala, ambaye alilitaka. Alikaa amekalia mikono yake asifikiche, na kitambaa baridi usoni, kama mtu aliyefiwa. Mkewe alimtilia matone akiwa amelala chali, na kila mara alimuuliza jambo lile lile kwa kunong'ona, maana mama alikuwa upande wa pili.

"Lini utamwambia?"

"Macho yatatulia."

"Hayatulii. Yamezidi."

Kweli yalikuwa yamezidi. Bila ile dawa kali, asubuhi aliamka kope zimefura kama mandazi, na kwa muda alipapasa ukuta kama kipofu.

"Siwezi kumwambia mama kwamba kazi ya baba inanipofusha," alinong'ona. "Huoni anavyokaa pale? Yule amekaa na mumewe."

"Naona. Na wewe unaona? Maana usipoangalia hutaona tena."

"Yule mzee alikuwa hanipendi sana, unajua," alisema ghafla, jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. "Aliniita Machozi. Kila nikiingia humu utotoni aliniangalia usoni, kisha akageuka. Alitaka mtoto mkakamavu. Nilipochukua studio nilisema nitailinda mpaka siku ya kufa kwangu, ajue huko aliko kwamba sikuwa mtu wa kulia lia. Sasa nilishushe?"

Mkewe alimfuta shavu kwa upande wa kanga. Lakini alikuwa mtu wa kupima maneno mwenyewe na kuamua mwenyewe. Kesho yake, Bwana Tabasamu alipokuwa nje akipiga picha ya kitambulisho, mkewe alipiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe wake.

"Mama, nisamehe nitakalosema. Daktari amesema maradhi ya mwanao yanatoka kwenye pazia. Vumbi lake. Ameambiwa alitoe, na hataki, kwa ajili yako. Na alikuwa karibu kupoteza macho."

Mama aligeuza shingo polepole akalitazama pazia, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

"Ni vumbi?" aliuliza. "Vumbi ndilo linalomliza?"

"Ndilo, mama. Ni mzio. Daktari anasema wengi huanza nao utotoni."

Mama aliinuka, akaingia kwenye kijichumba chake, akafunga mlango.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na ubaridi. Mama aliitikia salamu, alikula kidogo, alirudi ndani. Kwenye kiti chake hakuketi tena. Bwana Tabasamu alimwambia mkewe, "Umeona? Umemvunja moyo."

Kisha asubuhi moja mama akatoka amejifunga kanga kifuani kwa fundo la kazi.

"Wewe, usikae humu," alimwambia mwanawe. "Nenda ng'ambo ya barabara na kamera yako. Mwiteni seremala na ngazi yake. Linashuka leo."

"Mama, hatuna haja ya..."

"Nimesema linashuka. Ila haliendi hivi hivi kama takataka. Litundikeni nje kwanza, juani. Watu waliage."

Wakaling'oa. Vumbi lililotoka lilikuwa la miaka mingi. Mkewe na seremala walifunga vitambaa puani wakatoka weupe kama waokaji mikate, na Bwana Tabasamu akatazama kutoka ng'ambo. Walipolitundika nje, kati ya nguzo mbili za umeme, mchana mweupe, ilionekana jinsi lilivyochakaa: ngazi zimefifia, tausi mmoja amepoteza kichwa kwenye mkunjo. Lakini lilikuwa bustani. Muuza mkaa akawa wa kwanza kusimama. "Mimi nilipigwa hapa nikiwa natambaa," alisema. "Mama yangu alinishika kwa nyuma, mkono wake unaonekana." Akaenda kuwaita ndugu zake. Wengine wakaja, wengine walikimbilia nyumbani kubadili nguo, na wakati jua limesimama utosini foleni ilikuwa imefika kwenye kona, kama zamani. Mama mmoja alileta ile picha ya zamani ya harusi yake, akasimama pale pale, mkono umeshika hewa mahali ambapo mumewe alikuwa. Hakuna aliyecheka.

"Sogeeni!" Bwana Tabasamu alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, upepo ukivuma kutoka kwake kwenda kwao. "Kamera haiumi!" Akashtuka, kwa sababu sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yake.

Jioni pazia lilikunjwa, na watu wa ukumbi wa maigizo, waliokuwa wamesikia habari, wakalichukua kwenye mkokoteni pamoja na mahameli na kiti cha mito, wakishangilia.

Ukuta uliobaki ulipigwa msasa, ukapakwa rangi ya kijivu iliyolainika, ya kufutika kwa kitambaa chenye maji. Kitanda kilisogezwa kwenye kona, nyuma ya mbao nyembamba alizozipiga seremala. Macho hayakupona kwa siku moja. Yalituliatulia, yakarudi kidogo, yakatulia tena. Taa zilivua pete zake. Daktari alimpima presha akasema, "Imeshuka, baba. Tuendelee kuitazama, usikimbie kliniki," na akamwambia ukweli kwamba mzio hauondoki, anaishi nao, bali sasa anajua unapokaa. Kabla ya shule kufungwa alirudi kwa mwalimu mkuu, akasimama varandani akayafungua macho yake wazi. Mwalimu aliyatazama moja baada ya jingine.

"Ulikuwa mzio," alisema Bwana Tabasamu. "Hauambukizi, na pombe sinywi."

Mwalimu aliona haya. "Nilikukosea, kaka. Njoo, watoto wako tayari."

Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama, kifua chepesi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, amekielekeza ukutani, mikono mapajani. Mwanawe akatua mfuko.

"Mama, mpaka lini utaninunia? Najua nimelitoa pazia la mzee. Niseme nini zaidi?"

"Nani amekununia?" Mama alimgeukia, na uso wake ulikuwa umechoka. "Keti. Unajua kwa nini baba yako alitaka kuiuza studio hii?"

"Alikuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka hata kidogo. Alisema, 'Mwanangu kazi yangu inamliza.' Kila ukiingia humu, mtoto mdogo, ulitoka unalia. Alijaribu peremende, alijaribu mzaha, ndipo akakuita Machozi, ucheke. Hukucheka. Akasema, 'Huyu haipendi studio, nisimlazimishe.' Akawa anageuza uso ili usimwone anavyoumia." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Siku ile ulipomwambia utaichukua kazi, ulisimama wapi?"

Bwana Tabasamu alikumbuka vizuri sana. Alikuwa amesimama hapo hapo, mbele ya bustani iliyokuwa imekung'utwa asubuhi, na alipokuwa akisema "nitaifanya, baba" alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Alikuja jikoni akaketi," mama alisema. "Akaniambia, 'Amekubali, lakini amekubali huku analia. Nimemfunga.' Na mimi sikujua la kumjibu. Siku ile mkeo aliponiambia ni vumbi, nilikuwa namfikiria yeye. Alikwenda na jambo hilo moyoni, mwanangu, na lilikuwa vumbi."

Nje watu walikuwa wanapita wakirudi kutoka makazini.

"Mama, nilikuwa naingia kuwaona tausi. Niliwapa majina. Nilikuwa nikingoja mzee aende kula, niingie nikae chini yao."

Mama aliweka kiganja mdomoni.

"Ulikuwa unaingia kwa kupenda?"

"Kila nilipopata mwanya. Hakukuwa na mahali nilipopenda kuliko hapa."

Mama akaushika mkono wake, akaukandamiza juu ya goti lake kwa nguvu za mtu mzee.

"Angejua," alisema, "pazia lile angelishusha siku ileile."

Wakakaa wakiutazama ukuta mtupu, bega kwa bega, mpaka msusi aliporudi kutoka saluni, akawakuta gizani, akawasha taa.